Neno Nililotumwa Didia

Mwanangu Limi,

Salamu za leo nimekwisha kukupa asubuhi, na hali yangu unaijua kuliko daktari, kwa hiyo sitapoteza karatasi kukuuliza kama hujambo. Karatasi zenyewe nimezichana katikati ya daftari la maandalio ya masomo, mwalimu mkuu asijue. Wewe uko kwa watu unaaga. Mimi nimekaa kibarazani na ungo wa choroko mapajani, daftari juu ya ungo, ili anayepita adhani nachambua choroko. Mama Shija amepita mara mbili, na mara zote mbili nimechambua kwelikweli.

Kesho alfajiri utapanda lori la pamba kwenda mjini kuwahi treni ya Tabora, na pale stesheni nitakuwa nalia, sitaweza kusema kitu cha maana. Ndiyo sababu naandika leo, jua likiwa juu. Nataka uwe umeyasoma haya kabla halijazama.

Sitakuambia usali, ule, ufue, wala ujihadhari na wavulana. Shangazi yako amekaa hapa siku tatu na hayo yote ameyamaliza, na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Tangu jana nimekuwa nikifuatilia nyumba unazokwenda kuaga. Umekwenda kwa bibi yako, kwa katekista, kwa fundi cherehani aliyekushonea sare. Umekwenda hata kwa huyo Mama Shija ambaye tangu ile kesi ya kuku hatusalimiani vizuri, na nimekusifu moyoni kwa hilo. Nyumba moja umeiruka. Umepita mbele yake mara nne na kila mara umetazama upande wa pili wa njia. Ni kwa kina Wande.

Usinune kwanza, soma. Jumapili ile Wande alipokuja, ulikuwa nyuma ya nyumba ukimenya karanga, nikakusikia ukimwambia mdogo wako, "Mwambie sipo." Wande si mjinga, mwanangu. Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Aliniamkia, akakaa kidogo, akaniachia kifurushi nikupe, akaondoka taratibu. Nilikupa. Siku mbili baadaye nikakikuta nyuma ya kihenge, hukukifungua. Nikakifungua mimi: miche miwili ya sabuni na kilo ya sukari. Mwaka huu! Mwaka ambao watu wanapanga foleni duka la kijiji tangu jogoo la kwanza wanarudi na habari tu. Na wewe siku ileile ulifua sare zako mpya kwa majani ya mpapai.

Sikukuambia kitu. Nilikirudisha nyuma ya kihenge, nikaendelea na kazi zangu. Mama yako kwa maneno ya ovyo anajulikana kijiji kizima, lakini neno linalotakiwa likifika, kinywa hujifunga. Hilo nataka ulijue leo, na nataka ulijue kutoka kwangu.

Babu yako, baba yangu mimi, hukumkuta. Alikuwa mtu wa ng'ombe aliyeingiwa na dhahabu. Wenzake walikwenda Geita kuchimba wakarudi na baiskeli, naye akaenda. Alirudi kila msimu wa pamba na kidogo kuliko msimu uliopita, lakini na maneno mengi zaidi, kwamba shimo limekaribia, kwamba jiwe limebadilika rangi. Alichimba kwa fedha za kukopa. Mwaka niliomaliza darasa la nne alirudi na kikohozi, na nyuma yake wakaja watu watatu waliomkopesha. Walikuwa watu wa adabu kabisa. Walikaa uani petu, wakanywa uji wetu, wakawa wanawataja ng'ombe wetu mmojammoja kwa rangi. Mwisho wa mwezi ule zizi lilibaki na mbuzi.

Walibaki ng'ombe wawili ambao hawakuwa zizini. Wewe umekua desturi ile imekwisha, kwa hiyo lazima nikueleze. Zamani mtu hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine aliwapeleka kwa rafiki yake wa kijiji kingine awatunze, ugonjwa ukiingia kwako usimalize wote. Kisukuma tunaita kubilisa. Rafiki anakamua, watoto wake wanakunywa maziwa, mbolea ni yake. Ng'ombe na uzao wao ni wa mwenyewe. Siku mwenyewe akija kuwachukua, kama wametunzwa vizuri, anaacha ndama awe asante. Na ndama huyo haombwi. Mzee mzima hawezi kufungua mdomo kuomba ashukuriwe. Akiachiwa, amesifiwa. Asipoachiwa, ameambiwa mbele ya mkewe na watoto wake kwamba hakutunza.

Rafiki ya babu yako alikuwa Mzee Luhende wa Didia. Alitunza ng'ombe wetu mmoja mwekundu miaka mitatu, na ng'ombe huyo akazaa mtamba mzuri mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Na sisi tulimtunzia binti yake. Didia ya kwao ilikuwa mbali na shule, kwa hiyo Nkwimba alikaa kwetu Samuye akasoma na mimi tangu darasa la kwanza. Tulilala ngozi moja. Tulichapwa siku moja kwa kosa moja, kosa lake, na nikakubali. Alikuwa na kicheko cha kukatakata, akianza huwezi kuongea. Nikikuona wewe na Wande mlivyokuwa mnacheka kisimani mpaka ndoo zinamwagika, nilikuwa nawakaripia huku moyo unayeyuka.

Mtihani wa darasa la nne tulifaulu wote wawili, wasichana wawili tu shule nzima. Maana yake shule ya kati, ya bweni, mbali. Ilitakiwa ada, sare, blanketi, viatu na sanduku la bati. Nkwimba akaniambia kwao hakuna fedha, lakini baba yake amemwambia yule ndama mwenye doa ndiye shule yake. Siku baba yangu atakapokuja kuchukua ng'ombe, ndama atabaki, watamuuza, atasoma. Alimwita yule ndama Mwalimu. Tukapanga tuwe na sanduku moja ili kupunguza gharama. Tungechora mstari katikati, upande huu wake, upande huu wangu, na atakayevuka mstari anapigwa faini ya karanga.

Haya. Mzazi akiwa hana kitu, mtoto hujifunza kusikiliza kupitia ukuta. Nilisikia mama akimwambia baba kwamba ng'ombe mwekundu lazima aletwe auzwe, na fedha zote zitakwenda kwa yule mdai wa tatu, ambaye alikuwa bado hajalipwa. Baba akauliza, "Na Milembe?" Mama akasema, "Milembe atasubiri mwaka."

Nilijua maana ya kusubiri mwaka. Dada yangu alisubiri mwaka, na kabla haujaisha alikuwa kaolewa.

Asubuhi mama akaniita. Baba hakuweza kutembea umbali ule na yeye hakuweza kumwacha. Ng'ombe angeswagwa na mjomba Masanja, lakini mjomba ni mtu wa upande wa mama, na neno la ndama lazima litoke kwa mtu wa nyumba yenye ng'ombe. Mtu huyo nikawa mimi. Mama akanishika mabega, akanifundisha mara tatu. Umwambie Mzee Luhende baba anashukuru, ng'ombe wametunzwa, ndama abaki. Nikarudia. Akasema, vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa sijawahi kutumwa neno zito namna ile.

Tulifika Didia mchana. Tulipewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikanywa nusu, mjomba akamaliza. Akasalimia, akasema tumetumwa kumchukua ng'ombe, kisha akaenda zizini na vijana wa pale kumfunga kamba. Mimi nikabaki uani na Mzee Luhende. Nkwimba alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, mkono shingoni mwa ndama, anatabasamu. Alikuwa amenawa uso na kupaka mafuta. Alijipamba kwa ajili ya neno langu, Limi.

Mzee Luhende hakuwa na haraka. Alivuta ugoro, akauliza habari za kikohozi cha baba, akauliza mvua. Kisha akanitazama.

"Kuna neno lingine?"

Nikasema, "Hapana, baba. Hakuna neno lingine."

Akaitikia kwa kichwa. Akageuka akamwambia Nkwimba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwachie." Nkwimba hakuelewa, akanitazama mimi, anangoja utani umalizike. Kisha akautoa mkono shingoni mwa ndama.

Nimeitafuta sababu zaidi ya miaka ishirini, niipambe nikupe ikiwa inapendeza. Sina. Niliogopa kusubiri mwaka. Ndiyo sababu yote.

Njiani ndama alikuwa anageuka kila mara kutazama alikotoka, na mjomba akaniuliza ilikuwaje hakuachwa. Nikamwambia Mzee Luhende amekataa kumpokea, amesema auzwe nisomeshwe. Maneno yalitoka yenyewe, mazuri, yamepangika. Mjomba akasimama katikati ya njia. Akasema, "Huyo ni mtu." Nyumbani mama alilia kwa furaha. Baba akasema hajawahi kuwa na rafiki kama yule. Ndama akauzwa mnadani, nikanunuliwa sanduku, sare na blanketi, na viatu vikubwa kidogo ili nivikulie.

Mimi nikaenda shule. Nkwimba hakwenda.

Ungedhani ubaya ulikwisha hapo. Wazazi wangu wakawa wanatuma salamu Didia, wanatuma michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, wanasema yule mzee ametusomeshea mtoto. Salamu hazikujibiwa. Kule Mzee Luhende anajua ameaibishwa na rafiki yake, huku rafiki yake anashangaa mbona mtu mwema hivi amekuwa baridi. Nikiwa bwenini mwaka wa tatu niliitwa nyumbani, baba kazidiwa. Alikuwa amebaki macho tu. Kila mtu akiingia anauliza, "Ni Luhende?" Mama anamwambia bado. Siku mbili nilikaa miguuni pake, nikayasikia hayo, na ningeweza kusema. Alikufa akiwa anangoja mtu ambaye mimi ndiye niliyemzuia. Bado naota hilo.

Nkwimba nilikutana naye miaka mingi baadaye, wewe ukiwa mgongoni. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nimevaa gauni la kitenge na saa ya mkononi, saa mbovu lakini nani anajua. Ilikuwa gulioni. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni kama mimi, na kichwani tenga la viazi. Nikamtambua kwa mwendo kabla ya uso. Nikafungua mdomo nimwite jina lake. Yeye akawahi, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Tumezaliwa mwaka mmoja. Tumelala ngozi moja. Na unajua mama yako alifanya nini? Aliitikia. "Marahaba," nikasema, kama nazungumza na mtoto wa darasani. Akaendelea na safari yake. Nilisimama pale na shilingi yangu ya vitunguu mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au natazama.

Basi, hayo ni ya kale, utasema. Yanamhusu nini Wande?

Yanamhusu hivi. Najua unavyowachukulia watu wa ile nyumba. Unaamini baba yake Wande alimdhulumu baba yako. Watoto wenzako wanasema hivyo, wanawake kisimani wanasema hivyo, na baba yako mwenyewe akikaa kimya watu wanachukulia kwamba ni kweli. Wawili walikwenda Geita pamoja, wakafungua shimo pamoja, lile wachimbaji wanaloita duara. Wakauza ng'ombe kununua nyundo, taa na chakula cha vibarua. Mmoja karudi mikono mitupu. Mwingine karudi akaezeka bati, akamnunulia binti yake viatu vya kisigino na redio yenye kaseti. Hesabu ya watu ikawa rahisi. Na mimi nimeiacha hesabu hiyo iendelee mwaka mzima na nusu, kwa sababu ilinisitiri.

Sikiliza ilivyokuwa. Baba yako hakudhulumiwa. Mimi ndiye niliyemwandikia barua arudi.

Walikuwa wamechimba miezi tisa bila kitu. Nyumbani mshahara wangu ulikuwa umechelewa, pamba ilikuwa haijalipwa, na ng'ombe wa mwisho baba yako alituma ujumbe auzwe. Nilipopata ujumbe ule, nilimwona baba yangu mbele yangu, na wale watu watatu wanakunywa uji wetu. Nikachukua kalamu. Maneno niliyomwandikia sitayarudia kwako, maana ni mume wangu na bado namheshimu, lakini nilimfananisha na marehemu babu yako, na nilijua linamchoma wapi. Nilimwambia achague duara au mke.

Baba yake Wande alimsihi angoje mwezi mmoja tu. Hili nimeambiwa na baba yako mwenyewe. Alimwambia, "Shemeji ana haki, lakini ngoja mwezi mmoja." Baba yako akakataa. Akauza sehemu yake kwa yule rafiki yake, kwa bei waliyokubaliana wote wawili, akalipa nauli, akanunua kanga ya kuniletea, akarudi. Wiki ya sita jiwe likatoa dhahabu. Baba yake Wande alipokuja na bahasha ya fedha, baba yako hakuifungua, akamrudishia kwa ukali, akasema yeye si ombaomba. Ndipo walipoacha kusalimiana. Na baba yako hajawahi, hata siku moja, hata akiwa na hasira na chakula kimeungua, kunitupia ile barua usoni. Ukitaka kujua umezaliwa na mtu wa namna gani, ni huyo.

Nami nikawasikia kisimani wakisema yule mtu kamdhulumu mwenzake, nikajaza ndoo yangu nikaondoka. Ukaja wewe ukaniuliza, unakumbuka? Uliniuliza, "Mama, ni kweli baba yake Wande ni mwizi?" Nilikuambia watoto hawaulizi mambo ya wakubwa. Ukachukua jibu hilo ukalifanyia kazi yako mwenyewe, ukamwacha rafiki yako wa tangu kutambaa. Ni yaleyale ya Didia. Nilikuwa na neno nikalizuia, akalipa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa nakwambia jambo la umaskini wetu huu, na naomba usidhani nakuhubiria, maana nalisema nikiwa nimo ndani yake hadi shingoni. Kukosa sabuni si kitu. Watu wote wamekosa. Ubaya ni ile hofu ya kuonekana umekosa. Hiyo ndiyo ilinifunga mdomo uani kwa Mzee Luhende, ndiyo ilimfanya baba yako airudishe bahasha, ndiyo ilikusukuma wewe usitokee viatu vyako vikiwa mlangoni. Kila mmoja wetu alidhani anatunza heshima yake. Na kila mara kulikuwa na mtu amesimama upande wa pili, amenawa uso, anangoja.

Na Wande anangoja, Limi. Wewe unaona viatu vya kisigino. Mimi niliyemfundisha darasa la saba naona mtoto aliyekosa nafasi kwa alama chache, ambaye rafiki yake amechaguliwa, na hana mtu wa kumlilia. Unamwonea aibu kwa kuwa ana sabuni. Yeye anakuonea aibu kwa kuwa una shule. Alipoleta kile kifurushi hakuwa anakuringia. Alipokuwa ananikabidhi alikuwa anavitazama viatu vyako pale mlangoni. Najua macho unayo, ungeliona hilo kama ungetoka.

Sikupi amri. Amri nimekupa za kutosha miaka kumi na mitano. Ukienda ukaona bado moyo umekataa, mrudishie sabuni zake kwa mkono wako mwenyewe, ukimtazama usoni, umwambie kwa nini. Hata hiyo ni heshima. Ila usiondoke na kimya. Kimya kinazeeka vibaya, nakuambia mimi ninayekaa nacho nyumba moja.

Nami nimejiwekea zamu yangu. Leo baba yako akirudi shamba nitamwambia mbele yako yaliyo katika barua hii, ili usiyabebe peke yako, kisha nitamwomba twende wote kwa baba yake Wande tukasalimie. Atakataa. Nitamwomba tena. Mimi kwa kuomba tena unanifahamu.

Halafu yule mtamba wetu, yule mweusi niliyemnunua kwa fedha za karanga, ambaye umekuwa ukisema atakupeleka mpaka kidato cha nne. Kaa chini kabla hujasoma mstari unaofuata. Keshokutwa nampeleka Didia. Mzee Luhende bado yuko hai, nimeulizia, haoni vizuri lakini anasikia. Nkwimba anaishi jirani na kwa baba yake, ana binti wa darasa la tano ambaye wanasema ana akili sana. Nitakaa uani, nitakunywa wanachonipa, nikipewa. Nitalisema neno nililotumwa mbele ya yeyote atakayekuwepo. Hata wakinifukuza, mtamba atabaki hukohuko.

Najua nakunyang'anya. Nilichukua cha mtoto wa watu nikasoma mimi, na sasa narudisha kwa kuchukua chako. Si haki, na sina namna ya kuifanya iwe haki. Ada yako ya mwaka huu imeshalipwa. Ya mwakani tutaitafuta, na kama kuna siku utapungukiwa kitu bwenini na wenzako wanacho, unikasirikie mimi kwa jina, uniandikie matusi yote unayoyajua, nitayasoma. Ila usijifiche.

Lile sanduku unalokwenda nalo ndilo lile. Ulipokuwa mdogo uliniuliza ule mstari uliokwaruzwa ndani yake katikati ni wa nini, nikakuambia ni fundi alikosea. Niliuchora mimi kwa msumari, siku ya kwanza bwenini, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Miaka minne niliweka vitu vyangu upande mmoja. Upande wa pili haukuwa na kitu, na wasichana walikuwa wanauliza, na mimi nilikuwa nasema nangoja vitu kutoka nyumbani.

Leo nimekupangia nguo zako upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeweka ile miche miwili ya sabuni na ile sukari, basi.

Barua hufungwa kwa kuandika sina la zaidi. Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki kufunga hivyo, na wewe ukiwemo. Mimi nilishayasema maneno kama hayo mara moja, uani kwa Mzee Luhende, na hayatoki tena mkononi mwangu. Kuna neno lingine, mwanangu. Wande yuko kwao. Kutoka hapa nilipokaa namwona anaanika nguo, na amekwisha kutazama huku mara tatu. Ungo huu wa choroko nitaumaliza mwenyewe. Nenda.

Mama yako,
Milembe